King'amuzi cha kurekodi au kompyuta yenye tyuna: kipi kitakufaa nyumbani?

Shangazi yangu aliimba taarabu Tanga kwa miaka mingi, na mara moja tu televisheni ilimwonyesha akiimba wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho. Tulikuwa na king'amuzi chenye tundu la USB. Nikachomeka flashi, nikabonyeza kitufe chekundu cha rimoti, tukarekodi dakika kumi na nne. Mwaka huohuo umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, king'amuzi kikaungua. Flashi ilibaki nzima. Nikanunua king'amuzi kingine cha aina ileile nikaichomeka: jina la faili linaonekana, picha haiji. Nikaipeleka kwenye kompyuta, hali ni hiyohiyo. Fundi ndiye aliyenieleza kwamba faili lilifungwa kwa ufunguo uliokuwa ndani ya kile kilichoungua. Shangazi ameshatangulia mbele ya haki, na flashi ile ninayo mpaka leo kwenye bahasha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza arekodi televisheni kwa njia ipi, sianzi na bei wala ubora wa picha. Namuuliza kwanza: unataka kuangalia kesho kisha ufute, au unataka kuweka? Wa kuangalia na kufuta, king'amuzi kinamtosha kabisa na hana haja ya kujichosha. Anayetaka kuweka, na siku moja ampe mwanawe au ndugu aliye mbali, huyo ndiye ninayemwambia avute kompyuta karibu na antena.

Kabla ya yote: chaneli yako iko wazi au imefungwa?

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia. Kenya ikamaliza kazi hiyo 2015. Matangazo ya antena sasa yanarushwa kwa mfumo wa DVB-T2, ambapo masafa mamoja yenye upana wa MHz 8 hubeba chaneli nyingi kwa pamoja, mfano wa daladala moja na abiria wake. Baadhi ya abiria hao wako wazi kwa yeyote mwenye antena. Wengine wamefungwa, na anayewafungua ni king'amuzi cha kampuni husika baada ya kulipiwa kifurushi.

Tyuna ya kompyuta, yaani kile kifaa kidogo chenye umbo la flashi na tundu la waya wa antena upande wa pili, hupata zilizo wazi tu. Kuna jaribio ambalo halikugharimu hata shilingi. Tafuta televisheni ya kisasa yenye T2 ndani yake, yako au ya jirani, ichomeke waya wa antena moja kwa moja bila king'amuzi, kisha itafute chaneli. Zitakazotoa picha ndizo kompyuta itakazorekodi. Zitakazoonyesha jina na giza, kompyuta nayo itaziona giza. Kama unachokitaka ni ligi au tamthilia iliyo ndani ya kifurushi cha kulipia, acha kusoma kuhusu tyuna na uulize kampuni yako kama ina king'amuzi cha kurekodi.

Wapo wanaojaribu njia ya kuzunguka: wanachukua picha inayotoka kwenye tundu la HDMI la king'amuzi na kuiingiza kwenye kompyuta kwa kadi ya kunasa picha. Siipendekezi. Chaneli nyingi za kulipia hutoka zikiwa na kinga iitwayo HDCP, na kadi ya halali itakupa skrini nyeusi. Hata picha ikipita, kompyuta inalazimika kuisindika upya papo hapo, kazi nzito inayopunguza ubora, na king'amuzi nacho lazima kikae kwenye chaneli hiyohiyo hadi kipindi kiishe. Watoto wakibadilisha chaneli, umerekodi katuni.

King'amuzi na kompyuta, uso kwa uso

King'amuzi kinashinda kwa wepesi, na wala sisemi hivyo kwa kukibembeleza. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini na anarekodi mwenyewe. Anabonyeza kitufe kimoja, taa inawaka, yamekwisha. Hakuna nenosiri, hakuna kusubiri Windows imalize masasisho yake. Umeme kinaokula ni kidogo, na kama kimeshapatikana ndani ya nyumba kinachobaki kununua ni flashi au diski ya nje.

Upungufu wake uko kwenye faili. Ving'amuzi vingine huandika faili la wazi ambalo programu ya kuchezea video iitwayo VLC inalifungua kwenye kompyuta bila taabu. Vingine hufunga, na ndani ya duka huwezi kuvitofautisha kwa macho. Basi jaribu siku ileile ya kwanza: rekodi dakika tano za taarifa ya habari, chomoa flashi, ifungue kwenye kompyuta. Usingoje hadi urekodi kitu usichoweza kukipata tena.

Jambo la pili ni flashi yenyewe. Nyingi huja zikiwa na mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili linalozidi GB 4. King'amuzi chenye akili hukata rekodi vipande vipande. Kisicho na akili husimama katikati ya mechi bila kukuambia. Ukiweza kuiandaa flashi kwa NTFS au exFAT na king'amuzi kikaikubali, tatizo hili linaondoka.

Kompyuta inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa, na hapa ndipo wengi wanapopaogopa bure. Wanadhani kurekodi televisheni kunahitaji mashine yenye nguvu. Hapana. Mtambo ulikwishaibana picha kabla ya kuirusha. Kompyuta inayopokea haifanyi lolote zaidi ya kuandika kwenye diski yale yaliyofika, jinsi yalivyofika. Hakuna kusindika. Mashine ya zaidi ya miaka kumi inarekodi vizuri sana, ingawa kuicheza picha ya HD inaweza kuilemea.

Hesabu ya nafasi nayo ni rahisi. Chaneli ya kawaida inayorushwa kwa megabiti 2 kwa sekunde hula takriban MB 900 kwa saa. Ya HD yenye megabiti 6 hula GB 2.7. Diski ya GB 500 itabeba saa zaidi ya 550 za ile ya kwanza, au 185 za ile ya pili.

Halafu kuna faida moja ya kompyuta ambayo sijaiona kwenye king'amuzi chochote nilichowahi kukishika. Kwa kuwa masafa mamoja yamebeba chaneli nyingi, tyuna moja iliyotulia kwenye masafa hayo inaweza kurekodi chaneli mbili, tatu au zaidi zilizomo humo kwa wakati mmoja. Jioni ya uchaguzi niliwahi kurekodi vituo vitatu pamoja kwa tyuna moja, nikalinganisha baadaye nani alitangaza nini. Chaneli zikiwa kwenye masafa tofauti, hapo ndipo unapohitaji tyuna ya pili.

Tyuna: mtego wa herufi moja

Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue utaonyeshwa vijiti vya USB vilivyoandikwa DVB-T kwa herufi kubwa. Vingi vina kidude kiitwacho RTL2832U ndani. Ni vijiti vizuri kwa mambo mengine, watu wanavitumia kusikilizia redio za kila aina, lakini vyenyewe vinaelewa DVB-T ya zamani, siyo T2. Kwa matangazo yetu havitapata chaneli hata moja, na muuzaji atakuambia antena yako mbovu. Sisitiza: T2, imeandikwa kwenye boksi, na kama inawezekana ijaribiwe mbele yako.

Ninazoweza kuzisemea ni hizi. Hauppauge WinTV-dualHD ina tyuna mbili ndani ya kijiti kimoja, inapokea T2, na inakubali Windows na pia Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Kwa mwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, kuna kibao cha TV HAT kilichotoka 2018, tyuna moja ya T2 inayokaa juu ya Pi yenyewe. Na kuna HDHomeRun, ambayo haichomekwi kwenye kompyuta: unaipa waya wa antena na waya wa mtandao, nayo inagawa chaneli kwa kila kifaa ndani ya nyumba. Hii ya mwisho ni nzuri pale antena ilipo chumba kimoja na kompyuta chumba kingine, ila hakikisha unachukua toleo la T2, kwa sababu lile linalouzwa Marekani linatumia mfumo wao na huku halishiki kitu.

Ndugu zetu wa Maskati na Dubai wasihangaike na T2. Dishi linaloelekea Nilesat, nyuzi 7 magharibi, au Badr za Arabsat, nyuzi 26 mashariki, linapata mamia ya chaneli za wazi. Wao watafute tyuna ya DVB-S2, yaani mfumo wa dishi. Mengine mengi ninayoyaeleza hapa yanawahusu vilevile.

Mashine ipi ikae macho usiku kucha?

Kompyuta ya kurekodi ni lazima iwe macho kipindi kinapoanza, kwa hiyo swali la umeme si dogo. Nimepiga hesabu ya mwezi mzima, saa 24 kila siku. Kompyuta ya mezani ya zamani inayokula wati 60 ikiwa imetulia itamaliza uniti 43. Laptop ya wati 15, uniti 11 hivi. Raspberry Pi ya wati 5, chini ya uniti 4. Kwa Tanzania, nyumba iliyo kwenye daraja la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi ikiweka kompyuta ya mezani imeshakula zaidi ya nusu ya nafasi yake kwa kifaa kimoja, na ikivuka hapo uniti inakuwa ghali. Fikiria Luku, yaani umeme unaoulipia kabla ya kuutumia, kabla ya kufikiria kasi ya mashine.

Mimi nilichagua laptop kuukuu yenye kioo kilichopasuka, na sijajuta. Betri yake ni ulinzi tosha umeme unapokatika. Lakini sikiliza kilichonitokea. Umeme ulikatika saa mbili na robo, laptop ikaendelea bila kutetereka, nikajisifu moyoni. Asubuhi nikakuta faili la saa nzima lenye dakika kumi na tano za picha. Antena yangu ina busta, kifaa cha kuyaongezea nguvu mawimbi, na busta inakula umeme wa ukutani. Umeme ulipoondoka busta ikafa, mawimbi yakadhoofika, laptop ikabaki macho ikirekodi hewa. Ukiwa karibu na mnara, ondoa busta kabisa. Ukiwa mbali, iunganishe na UPS ndogo, ile betri ya akiba ya umeme, hata kama laptop haiihitaji.

Diski ya nje nayo, chagua ile ndogo ya inchi 2.5 inayopata umeme kutoka kwenye USB. Ile kubwa ina adapta yake, na itakufa pamoja na busta.

NextPVR, Tvheadend au MythTV?

Hizi ni programu za kurekodi televisheni kwenye kompyuta, na zote tatu ni za bure. Windows ilikuwa na programu yake ya kazi hii, Media Center, ila Microsoft iliiondoa ilipoleta Windows 10 mwaka 2015, kwa hiyo usiitafute.

NextPVR ndiyo ninayomwekea mtu aliyezoea Windows na hana nia ya kujifunza kitu kingine. Unasakinisha dereva ya tyuna (programu ndogo inayoifanya kompyuta iitambue), kisha programu yenyewe, unatafuta chaneli, unarekodi siku hiyohiyo. Sifa yake kubwa kwangu ni kwamba inajua kuiamsha kompyuta iliyolala dakika chache kabla ya kipindi na kuiacha ilale tena. Kwa mwenye kompyuta ya mezani, hapo ameokoa uniti nyingi.

Tvheadend ni ya Linux, na ndiyo ninayoitumia. Haina sura ya kuvutia. Unaifungua kwa kivinjari cha intaneti, kwa anwani ya kompyuta hiyo na mlango (port) namba 9981, na unakutana na majedwali matupu yanayokutaka ueleze kila kitu: mtandao, masafa, huduma, chaneli. Jioni ya kwanza utaichukia. Lakini ikishatulia inakaa miezi bila kuguswa, inaenda vizuri kwenye Raspberry Pi, na hiyo habari ya kurekodi chaneli kadhaa za masafa mamoja inaifanya yenyewe bila kuombwa. Kama orodha yake ya miji haina mji wako, ingiza masafa kwa mkono. Chaneli ya UHF namba 21 kitovu chake ni MHz 474, na kila namba inayofuata unaongeza 8: 22 ni 482, 23 ni 490, na kuendelea. Upana weka MHz 8.

MythTV ndiyo ya zamani kuliko hizo, ilianza 2002, na ina mengi: hata kutafuta matangazo ya biashara na kuyaruka inajaribu, ingawa mara nyingine inabahatisha. Inahitaji hifadhidata ya MariaDB au MySQL pembeni yake. Kwa mtu mmoja na antena moja naona ni kuchimba kisima kwa ajili ya kikombe cha maji. Kwa nyumba yenye televisheni nne na kijana anayependa Linux, sawa.

Yoyote utakayochagua, sebuleni weka Kodi, programu ya kuangalizia kwenye televisheni. Inaunganishwa na zote tatu, na mzee aliyeshika rimoti hatajua wala hatahitaji kujua kwamba kuna kompyuta chumba cha pili.

Saa

Nimeiacha sehemu hii mwisho kwa sababu ndiyo inayoharibu rekodi nyingi kuliko tyuna mbovu na umeme kwa pamoja, na inatuhusu sisi hasa.

Tunasema taarifa ya habari ni saa mbili usiku. Programu zote hizi, na ving'amuzi vyote, zinataka 20:00. Dada yangu aliweka 02:00 kwa wiki nzima na kupata rekodi saba za saa nane usiku. Kanuni ni kuongeza sita kwa saa za mchana: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa kumi jioni ni 16:00. Za usiku ongeza kumi na nane hadi unapofika saa tano, ambayo ni 23:00. Saa sita usiku ni 00:00, na baada ya hapo unatoa sita. Nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya laptop. Halafu hakikisha eneo la saa la kompyuta ni Dar es Salaam au Nairobi. Laptop iliyonunuliwa ikiwa imetumika Ulaya mara nyingi huja na saa za huko.

Kipindi chako ukikichagua kutoka kwenye ratiba inayorushwa pamoja na matangazo, hesabu hizi hazikuhusu. Lakini hapa kwetu ratiba hiyo mara nyingi ni tupu, au ina vipindi vya jana. Kituo kimoja ninachokipata kilikaa wiki kadhaa ratiba yake ikiwa nyuma kwa saa tatu kamili. Ndiyo maana naithamini Tvheadend na NextPVR kwa kuniruhusu kuweka saa kwa mkono: kila siku, chaneli hii, toka saa fulani hadi saa fulani. Ving'amuzi vingi pia vinaruhusu, ila idadi ya rekodi unazoweza kuzipangia saa huwa ndogo.

Ongeza dakika pande zote mbili. Mimi naanza dakika tano kabla na kumaliza dakika ishirini baada, na mpira wa mtoano naupa saa nzima ya ziada kwa ajili ya muda wa nyongeza na penalti. Nafasi kwenye diski ni rahisi kuliko majuto. Tarehe 21 Januari 2024, Taifa Stars na Zambia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, mchezo ulianza saa mbili usiku kwa saa zetu. Msuva wa Stars alifunga dakika ya 11. Aliyehesabu dakika 90 na mapumziko 15, akaweka rekodi hadi 21:45, ana faili ambalo Tanzania imeshinda 1-0. Daka wa Zambia alisawazisha dakika ya 88, na kwa saa ya ukutani 21:45 ilikuwa imepita.

Ukiamua kuingia upande wa kompyuta, nunua kwa mpangilio huu: kwanza lile jaribio la televisheni bila king'amuzi, halafu tyuna, na diski ya nje iwe ya mwisho, baada ya wiki ya kurekodi kwenye diski iliyomo ndani. Rekodi ya kwanza iwe ya dakika kumi, ya kitu chochote. Inakili kwenye simu yako, ifungue kwa VLC. Kisha mpe mtu wa nyumba nyingine, aifungue kwenye kifaa chake wewe ukiwa haupo. Akikupigia kwamba anaona picha na anasikia sauti, hapo anza kurekodi wale unaowapenda.